Mkate wa Nyuma ya Nyumba

Kuna harufu moja ambayo ikinijia jikoni lazima nisimame kidogo, hata kama wageni wameshakaa sebuleni. Ni harufu ya mkate wa sufuria unapoanza kushika rangi. Sufuria iko juu ya jiko la mkaa, juu ya mfuniko kuna makaa mengine, na unga wa ngano unaumuka humo ndani. Hainuki hivyo mikate ya dukani. Hii ina moshi kidogo, ina samli, na kwa mbali ina ukoko unaotaka kuungua. Wanangu wanajua kwamba unga mimi huuchekecha mara tatu, na wananicheka. Wanasema unga wa siku hizi hauna wadudu. Nawaachia wacheke, maana habari yenyewe ni ndefu, nao hukatiza. Ninyi hamtanikatiza.

Nilikulia kwenye kota za shamba la ngano la serikali, upande wa Hanang. Kwa asili sisi ni watu wa Tlawi, kule juu Mbulu kwenye baridi, ambako shamba la mtu unalivuka kabla hujamaliza beti mbili za wimbo wa kanisani. Baba alishuka huku chini wakati shamba la serikali linaanza, akafundishwa trekta, na jembe la mkono hakulishika tena. Huku ngano ilianzia nyuma ya jiko letu ikaenda mpaka macho yakachoka. Baba alisifika kwa jambo moja tu, mistari. Aliweza kulima kutoka barabarani mpaka asionekane tena, na mstari usipinde. Kila mgeni aliyefika kwetu alipelekwa nyuma ya nyumba akaonyeshwa. Mama alikuwa akisema kwamba siku ya hukumu, mumewe akiulizwa alifanya nini duniani, atamwambia Mungu, "Njoo huku nyuma nikuonyeshe."

Mama naye alisifika kwa mkate. Kombaini zikishapita, wanawake wa kota waliruhusiwa kuokota masuke yaliyobaki chini. Walikwenda asubuhi na mapema, wamejifunga kanga viunoni, upepo wa mlimani ukiwapiga mgongoni, wakarudi na magunia nusu nusu. Ngano hiyo ilipigwa, ikapepetwa, ikaoshwa, ikaanikwa, kisha ikapelekwa mashineni. Miaka ile unga wa ngano madukani ulikuwa wa foleni, na sukari ndiyo usiseme, lakini kwetu mkate haukukosekana. Tukipanda kwenda Tlawi wakati wa Noeli, mama alibeba mikate kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa, na ndugu walitupokea vizuri zaidi kuliko tulivyostahili.

Halafu akaja bibi maendeleo. Alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, anayezunguka kwenye kota kuwafundisha wanawake mapishi, usafi na namna ya kupokea wageni. Mama aliyashika mafundisho yake kama katekisimu, na sisi watoto tuliulizwa maswali. Mgeni hufanywa nini kwanza? Hukaribishwa, akaketi. Kisha? Hunawishwa. Kisha? Huletewa chai na vitafunwa. Na chakula? Chakula hakitoki mpaka vyombo vya chai viondolewe. Soda je? Hufunguliwa mbele ya mgeni, asije akadhani umeitia mdomo. Juu ya hayo mama alikuwa na sheria moja aliyotoka nayo kwao, ambayo bibi maendeleo hakuifundisha kwa sababu kila mtu wa kwetu aliijua. Mgeni asiyeonja kitu cha kwanza alichowekewa, amekuja na neno. Ukimletea cha pili kabla hajaonja cha kwanza, unamlazimisha, na mtu mzima halazimishwi kula.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tatu. Dada yangu Paskalina alikuwa msichana mkubwa, na alikuwa amekubaliana na kijana anayeitwa Petro, fundi wa karakana ya shamba. Petro alikuwa mpole, amebatizwa, na mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili. Kasoro yake machoni pa majirani ilikuwa moja, kwamba alikuwa Mbarbaig, mtoto wa wafugaji wa Dirma. Majirani walitumia jina lile jingine wanaloitwa Wabarbaig na watu wasiowapenda. Mama alilipiga marufuku nyumbani mwetu.

"Mama Paskalina," jirani mmoja alimwambia kupitia dirishani, "unahangaika bure. Wale hawali mezani."

"Kwangu watakula," mama akajibu, akaendelea kukanda.

Baba yake Petro, Mzee Gidamis, alikuwa amekataa kwa muda mrefu kukanyaga kwenye kota. Petro alisema hataoa bila baraka za baba yake. Dada alisema asipoolewa na Petro anarudi Tlawi kwa bibi kuchunga mbuzi, na kwa sauti aliyosema nayo hatukudhani anatania. Mwishowe mzee alituma neno kwamba atakuja baada ya mavuno, aione nyumba na watu wake. Kwa hiyo mambo yote ya dada yalitegemea alasiri moja na namna mama atakavyoiandaa.

Alianza siku mbili kabla. Meza iliazimwa kwa mwalimu. Vikombe na visahani viliazimwa kota nzima, hakuna vilivyofanana, mama akavipanga vya maua upande wa wageni. Viti vilivishwa vitambaa vya kufuma. Sakafu ilipigwa rangi nyekundu, nasi tukaamriwa tuingie kwa dirisha mpaka ikauke. Kreti ya soda ilitoka Katesh, ikafunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji, ikawekwa kivulini ipoe. Mbuzi alichinjwa asubuhi. Bibi naye alikuwa ametuma kibuyu cha maziwa mgando kwa basi kutoka Tlawi, kimepigwa moshi vizuri. Mama alikishukuru, akakificha nyuma ya mlango wa jiko, kwa kuwa kibuyu na kitambaa cha meza aliona haviendani.

Fahari yake ilikuwa kwenye visahani. Bibi maendeleo alikuwa amemfundisha kwamba mgeni wa heshima hachoti mwenyewe kwenye sinia. Kila kisahani basi kilikuwa na kikombe, na pembeni mwake kipande cha mkate uliopakwa samli na kipande cha keki, vimebanwa pale hata usingeweza kuinua kikombe bila kuvigusa. Tulivizunguka tukimeza mate.

Wageni walifika jua likiwa limeanza kuelekea magharibi. Walikuwa wazee watatu, mmoja wao baba mdogo wake Petro, ambaye alijua Kiswahili na ndiye aliyekuwa msemaji, na Petro mwenyewe nyuma yao katika suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Mzee Gidamis alikuwa mrefu, mkavu, amevaa shuka jeusi na ameshika fimbo iliyong'arishwa na mkono wake mwenyewe. Walikuwa wametembea kwa miguu tangu alfajiri. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaniwekea kiganja kichwani akaitikia marahaba kwa lafudhi nzito. Nilishika beseni na birika nikamnawisha. Alinawa taratibu mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayekusudia kula, na ndiyo sababu yaliyofuata sikuyaelewa.

Baada ya salamu mzee alisema maneno kwa lugha yake, na baba mdogo akayaleta kwa Kiswahili. "Mzee anashukuru. Anasema msihangaike sana, maana yeye hapa si mgeni. Amezaliwa hapa hapa."

Mama alifurahi mno. "Basi karibu nyumbani, baba!"

Baba yangu aliondoa mikono mezani. Aliketi upande wa pili wa meza katika koti lake la kanisani.

Ndipo mama akatoa hotuba yake fupi. Alikuwa ameijaribu jikoni mara kadhaa, mimi nikiwa mgeni. "Karibuni chai na mkate. Huu mkate si wa dukani. Ngano yake nimeiokota mwenyewe hapo nyuma ya nyumba, na aliyelima ni huyu mume wangu, tangu siku ya kwanza ya shamba hili."

Baba mdogo alitafsiri kwa maneno machache kuliko yaliyosemwa. Petro aliangalia viatu vyake. Mzee Gidamis alikitazama kisahani, kisha akamtazama baba yangu, kisha akaiweka fimbo yake juu ya magoti akakaa.

"Tumeshiba, mama," alisema baba mdogo.

Mtu aliyetoka Dirma kwa miguu tangu alfajiri hawezi kuwa ameshiba, hata mimi wa darasa la tatu nilijua. Wazee wengine wawili hawangemtangulia mkubwa wao. Baba naye hakugusa chake, nikadhani ni adabu, kwamba mwenyeji hamtangulii mgeni. Chai ikaanza kuota utando. Nzi wawili walitua kwenye keki, wao ndio waliokula siku hiyo kwa raha. Jikoni nyama ya mbuzi ilikuwa tayari, soda zilikuwa tayari, na hakuna kilichoweza kutoka kwa sababu cha kwanza hakijaonjwa.

Mama aliingia na kutoka. Akasema labda sukari imezidi, akaleta maandazi. Akasema labda wazee hawapendi vitu vikavu, akaleta chapati laini za samli. Ilikuwa kinyume na ile sheria yake ya kwao, na kila alicholeta kilikuwa unga ule ule uliovaa nguo nyingine. Kila mara baba mdogo alisema asante, na sahani ikakaa ilipowekwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema watu. Mwenyeji wetu alikuwa anaugua mbele ya macho yetu.

Petro akatoka nje, akazungukia jikoni alikokuwa dada. Walinong'ona kidogo mlangoni. Mama alipoingia na sahani ya chapati ambazo hazijaguswa, dada alimshika mkono.

"Mama, si wewe. Ni huo unga."

"Unga una nini?" mama aliuliza. "Nimeuchekecha mara mbili!"

"Nitakuambia. Sasa niachie mimi."

Mama alikaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia kwa ajili ya chakula. Nilimwonea huruma, na nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote wa darasa la tatu.

Dada aliingia sebuleni na sinia tupu. Alikusanya visahani kimoja kimoja, vya wageni na cha baba, bila kumwangalia mtu usoni, akavitoa vyote. Akarudi akapangusa meza. Kisha akatoka nyuma ya mlango na kile kibuyu cha bibi, akakitikisa, akamimina kwenye kibuyu kidogo cha kunywea, akapiga magoti mbele ya mzee na kumpa kwa mikono miwili. Harufu ya maziwa yaliyochacha na moshi ilijaa sebuleni, ikazifuta zile harufu zote za keki.

Mzee alipokea. Alinusa, akauliza neno.

"Anauliza, ng'ombe wa maziwa haya wamekula majani ya wapi?"

"Ya Tlawi," dada alisema. "Kwa bibi yangu."

Mzee alichovya kidole, akanyunyiza matone sakafuni, kwenye ile rangi nyekundu iliyotupitisha dirishani siku mbili. Mama, aliyekuwa akichungulia kwenye pazia, alifumba macho. Kisha mzee akanywa, akanywa sana, akampa baba yangu kibuyu, baba naye akanywa. Baada ya hapo nyama ilitoka, soda zikafunguliwa mbele ya wageni, na mzee mmoja alipopata gesi puani alicheka mpaka akashika meza. Dada alikuwa amesalimika, ingawa sikujua alisalimika na nini.

Wakati wa kuaga mama alifunga mikate miwili kwenye kitambaa, kwa sababu kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Mzee aliutazama mzigo ule, na safari hii uso wake haukuwa mkali.

"Mzee anasema, mkate wako ataula siku nyingine."

"Siku gani?" mama aliuliza. Alikuwa amechoka, adabu ilikuwa imemwisha.

"Siku nyingine," alirudia baba mdogo.

Baba aliwasindikiza kwa njia ya nyuma ya nyumba. Niliwaona nikiwa mlangoni mwa jiko. Wengine walitangulia, baba na Mzee Gidamis na msemaji wao wakabaki katikati ya mabua ya ngano. Baba alinyoosha mkono akaonyesha mahali fulani, mbele kidogo, ambapo mimi sikuona kitu isipokuwa mistari. Kisha akavua kofia. Mzee alikwenda mpaka pale, akachomeka fimbo yake ardhini, akasimama.

"Haya," mama alisema nyuma yangu, "ameshaanza mistari yake."

Dada aliolewa na Petro mwaka uliofuata. Kila mwaka baada ya mavuno Mzee Gidamis alikuja kututembelea, akapewa maziwa, akapelekwa na baba nyuma ya nyumba. Mama aliacha kumwekea mkate. Nilidhani ameudhika tu. Mimi kwa akili yangu nilikuwa nimeshamaliza kesi. Unga wa siku ile ulikuwa na fukusi, Petro aliwaona, na wote wakaona aibu kusema. Nikaapa kwamba nikiwa na nyumba yangu, nitachekecha mara tatu.

Nilikuwa nimeshaolewa na kuzaa nilipouliza. Shamba la serikali lilikuwa limekufa, kombaini zimebaki kuwa vichuguu vya kutu, na kuku walitagia ndani ya karakana ya Petro. Nilikwenda Dirma kwenye komunyo ya kwanza ya kitindamimba wao, nimebeba mkate wa sufuria. Dada aliupokea kwa upole akaupeleka chumbani. "Babu yupo," alisema. Jioni nikamuuliza shemeji yangu kama ule unga ulikuwa na fukusi wangapi. Petro alicheka mpaka machozi, kisha akaacha.

Akaniambia kwamba kwao mzee mwenye heshima akifa, ukoo mzima hukusanyika na kumjengea kilima cha udongo juu ya kaburi, na watoto wake huendelea kwenda pale kumsemesha. Babu yake, baba wa Mzee Gidamis, alizikwa hivyo mahali palipokuja kuwa shamba la ngano. Trekta ya kwanza ilipofika pale dereva aliisimamisha akashuka, akauliza afanye nini. Akaambiwa mstari usipinde. Akapanda tena.

"Nani alikuambia yote haya?"

"Baba yako," Petro alisema. "Alimwambia mzee siku ile ile, hapo nyuma ya nyumba. Unajua, baada ya kulimwa hakuna aliyeweza tena kupaona. Mzee alikuwa amepatafuta miaka. Baba yako ndiye peke yake aliyekuwa anapakumbuka."

Nilikumbuka mama amesimama katika gauni lake zuri, akiwatangazia kwa fahari kwamba ngano imetoka hapo nyuma na aliyelima ni mumewe. Nilikumbuka kisahani cha baba ambacho hakikuguswa. Watu huniuliza siku hizi namna ya kuandaa sherehe nyumbani, kwa kuwa mkono wangu unasifiwa, na mimi huwajibu habari za viungo na mpangilio wa meza. Kuna jambo moja huwa siwaambii kwa sababu halifundishiki haraka. Kabla hujasema mgeni amekataa chakula chako, fikiri kwanza kama unajua kilikotoka.

Baba alifariki Tlawi, uzeeni, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Siku ya pili ya msiba, Mzee Gidamis aliletwa kwa bodaboda kutoka stendi, mzee mno, amefungwa kwa shuka kwenye mgongo wa dereva asianguke. Alipelekwa kwanza kaburini, udongo ukiwa bado mbichi. Alikaa pale peke yake. Kisha akaja kwenye turubai akaketi na wazee wengine.

Chai ya msiba ilikuwa inapita, na mkate wa sufuria uliokatwa vipande, maana wanawake wa Tlawi wote walijifunza kwa mama. Msichana aliyebeba sinia hakujua kitu, akaenda moja kwa moja kwa mzee. Mama alikuwa ameshaambiwa zamani yote niliyoambiwa mimi. Aliinuka upesi kwenye mkeka alipoketi kama mjane, akanyoosha mkono kumzuia yule binti.

Mzee alikuwa ameshachukua kipande. Alikichovya kwenye chai kwa sababu meno yalikuwa yamekwisha, akala polepole, akala chote, kisha akaokota makombo kwenye shuka lake akayatia mdomoni. Mama alibaki amesimama.

"Mama Paskalina," mzee alisema, kwa Kiswahili chake kichache. "Siku ndiyo hii."

Mama alichukua birika kwa msichana, akamwongezea chai.